Simulia Liyongo kwa meseji: mwongozo wa kuufikisha utendi wa kale kwenye simu

Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za kale za pwani, akiwa gerezani katika kisiwa cha Pate alituma ujumbe mbele ya walinzi wake, nao wasiuone. Aliuimba. Saada, mjakazi wa mama yake aliyekuwa akimletea chakula, akaushika kichwani na kuufikisha nyumbani. Jibu la mama likarudi katika umbo la mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, usiotamanika hata kwa mwenye njaa, na ndani yake tupa ya kukatia chuma. Walinzi walilishika jibu lile kwa mikono yao wenyewe. Wakaila mikate mizuri iliyokuja nalo, ule wa wishwa wakauacha umfikie mfungwa.

Ndiyo maana kijana akikaa nami barazani hapa Lamu akaniambia tenzi ni mambo ya wazee yasiyoingia kwenye simu, humrudisha kwenye mkate huo. Hadithi hii imejaa meseji tangu mwanzo hadi mwisho: iliyofika, iliyofichwa, iliyosomwa na asiyekusudiwa, na moja ambayo haikujibiwa kabisa. Kwa likizo tatu za shule nimekuwa nikiifanya kazi hii na vijana wa mtaani kwetu, na haya ninayoandika ni njia tuliyopita, pamoja na pale tulipoharibu.

Unahitaji watu wanne au watano, simu janja mbili angalau, daftari la kawaida na kalamu, bando la siku nne tano, na mtu mmoja mzima anayeijua hadithi kwa kuisikia, si kwa kuisoma tu.

Hatua ya kwanza: chagua kazi yenye ujumbe ndani yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua kazi wanayoipenda, wanaanza kubadilisha maneno kuwa picha, moja baada ya jingine, na baada ya ukurasa mmoja hakuna anayeelewa kitu. Kule Marekani Fred Benenson aliisimamia kazi kama hiyo: riwaya ya Herman Melville ya mwaka 1851, ile ya nyangumi mweupe, iligeuzwa sentensi kwa sentensi kuwa emoji, ikatoka mwaka 2010, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaipokea mwaka 2013. Naiheshimu kama jaribio. Lakini mpe mtu asiyeijua hadithi zile picha tupu, aniambie nahodha anamtafuta nyangumi kwa nini.

Wewe tafuta kazi ambayo mtu kupata habari, au kuikosa, ndiko kunakogeuza mambo. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na sisi tukaijua kama Juliasi Kaizari, yuko mtu anayempa Kaizari barua ya kumwonya njiani, na Kaizari haifungui. Hiyo ni meseji iliyofika ikakaa bila kusomwa, na mwenye simu akafa nayo mfukoni. Ile ya Romeo na Juliet nayo: maangamizi yote ya mwisho yametokana na barua moja kutofika, kwa sababu mchukuzi wake alizuiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Vijana wanalielewa hilo papo hapo. Kila mmoja wao amewahi kuishiwa bando siku mbaya.

Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unafaa kwa namna nyingine. Mama mgonjwa anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwachia. Usiuvunje kuwa meseji fupifupi. Ufanye ujumbe wa sauti, mrefu, wa mtu mmoja, wenye pumzi zake na kikohozi chake. Katikati bintiye aandike neno moja tu: "Nakusikia mama."

Ziko kazi ambazo nawasihi mziache. Al-Inkishafi, utendi mwingine wa kale, ni mtu anazungumza na moyo wake mwenyewe kuhusu majumba ya Pate yaliyobaki magofu, vidaka vilivyokuwa na sahani za kaure vikiwa malazi ya makinda ya ndege. Hakuna anayemtumia mwenzake kitu pale. Tulijaribu mara moja. Tukapata emoji za popo na nyumba mbovu, na mzee mmoja akatuuliza kwa upole tumeona nini cha kuchorea katuni. Alikuwa na haki. Kasida za kumsifu Mtume na dua za ufunguzi wa tenzi pia hatuzigusi. Zikihitajika, zinaandikwa kwa maneno yake kamili, bila picha.

Hatua ya pili: isikie yote kwanza

Muhammad Kijumwa, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri wa hapa hapa Lamu, aliuandika Utendi wa Liyongo mwaka 1913. Usome, au usomewe. Kisha mtafute bibi au babu akusimulie bila karatasi, maana utakuta mambo hayalingani. Wengi watakwambia aliyemuua Liyongo ni mwanawe, wengine watakwambia ni mpwa. Ukienda Kipini, kwenye mdomo wa Mto Tana, utaonyeshwa kaburi linalosemwa ni lake. Chagua simulizi moja ushikamane nayo, na zile nyingine ziandike pembeni ya daftari. Zitakufaa mwishoni.

Sisi tuliigawa hivi. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo. Anawatumia watu wale naye kikoa cha makoma, matunda ya mti uitwao mkoma, kila mmoja kwa zamu yake kupanda mti, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo anaangusha makoma kwa upinde wake, hapandi. Baadaye anafungwa. Ule wimbo, ule mkate, ile ngoma ya gungu ambayo kelele zake zinaficha sauti ya tupa ikila pingu. Anatoroka. Mfalme anamrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye. Mwana anamuuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Sindano ya shaba, kitovuni. Mwana anarudi nayo, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anakwenda kisimani, anapiga goti akiwa amevuta upinde, na hapo hapo anakufa. Watu hawajui kama amekufa. Wanaogopa kuteka maji. Mama anaitwa amsihi.

Hatua ya tatu: nani ana simu, na nani anaiona?

Kaa na hatua hii muda mrefu kuliko zote. Kabla ya kuandika meseji hata moja, chora jedwali katika daftari. Upande wa kushoto andika majina: Liyongo, Mama, Saada, Mfalme, Mwana, Walinzi, Watu wa mji. Upande wa juu andika matukio. Katika kila chumba jibu maswali mawili: huyu anajua nini wakati huu, na nani anaweza kuishika simu yake akaisoma.

Jedwali hilo ndilo linaloandika hadithi. Liyongo akiwa gerezani hana simu, imechukuliwa. Simu ya Saada inakaguliwa mlangoni. Mfalme ana mazungumzo mawili kwa wakati mmoja: kundi la kikoa ambamo Liyongo yumo, na jingine la siri na wapiga mishale. Vijana wetu walipoliona hili la makundi mawili walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Kumbe ndivyo walivyonifanyia." Sikumuuliza zaidi.

Kuhusu Saada, shikilia jambo moja. Kila mwaka hutokea mtu anayetaka kumwita "dada wa kazi" ili mambo yawe laini. Alikuwa mjakazi, mtu aliyemilikiwa, na ndiye aliyebeba hatari yote kati ya gereza na nyumba. Usimfute, usimlainishe. Mpe simu, mpe meseji zake mwenyewe, hata kama utendi haukumpa maneno mengi.

Hatua ya nne: andika ujumbe ambao adui anaweza kuusoma

Tuchukue tukio la mkate. Jaribio letu la kwanza lilikuwa hili, kutoka kwa Mama kwenda kwa Saada:

🍞🪚⛓️🏃🏾‍♂️

Lilifurahisha kila mtu kwa dakika moja. Kisha nikawauliza: wewe ni mlinzi, umeishika simu ya huyu msichana, umeona mkate, msumeno, mnyororo na mtu anakimbia. Utamruhusu apite? Picha zilikuwa zimeisema siri yote kwa sauti kuliko maneno. Uzuri wa tukio zima ni kwamba ujumbe unapita machoni mwa walinzi ukiwa na sura ya kitu cha kawaida kabisa. Kwa hiyo ule wa pili, uliobaki, ulikuwa hivi:

Saada: Masalkheri bibi. Bwana anakusalimu. Leo ameimba wimbo ule wa mkate. Ameurudia mara tatu.

Mama: Mara tatu?

Saada: Mara tatu bibi.

Mama: Basi kesho chukua mikate sita. Mitano ya unga mweupe na samli, hiyo ni ya walinzi, waheshimu. Mmoja wa wishwa ni wa bwanako. Usiwape wakubwa wishwa, ni aibu kwetu.

Saada: Naam bibi.

(Siku ya pili, simu ikiwa mikononi mwa mlinzi)

Mlinzi: Huyu ni mlinzi. Mikate mizuri mama, shukrani 😋 Ule wa makapi tumempa mwenyewe 😂

Mama: Afueni kwenu. Kuleni.

Tazama emoji zimekwenda kwa nani. Kwa mlinzi peke yake, kwa sababu ndiye asiyejua kinachoendelea, na ndiye mwenye raha ya kucheka. Mama na Saada hawana hata moja. Msomaji anayejua kilichomo ndani ya wishwa anaiona ile 😂 na mwili unamsisimka. Kanuni tuliyoitoa hapo tumeitumia kote: anayejua zaidi hutumia emoji chache zaidi.

Na swali la "Mara tatu?" lilitoka kwa msichana wa miaka kumi na minne. Alisema mama hawezi kupokea habari kama hiyo bila kuuliza tena.

Sauti za watu zitofautishe kwa lugha pia. Mama tulimpa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu: ndoo badala ya njoo, ndia badala ya njia, mato badala ya macho. Vijana waliona haya mwanzoni, kwa kuwa shuleni Kiamu kikiingia katika insha hukatwa maksi. Hapa ndicho kinachompa mama mamlaka yake. Mfalme anaandika kwa Kiswahili cha matangazo, kizito, chenye nukta kila mahali. Mwana anakatakata maneno kama kijana yeyote. Ukifanya hivyo vizuri, msomaji atamjua msemaji hata ukiziba jina.

Hatua ya tano: emoji zako zihesabu

Neno emoji ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alichora 176 kwa ajili ya simu za kampuni moja ya Japani, kila moja katika kijimraba cha nukta 12 kwa 12. Leo ziko maelfu, na bado nyingi tunazozihitaji pwani hazimo. Hakuna jahazi, ⛵ ni mashua ya starehe. Hakuna kisima. Hakuna tupa. Punda, mnyama anayebeba kila kitu katika vichochoro vyetu, aliingia mwaka 2022 tu. Mkoma haumo pia: hii 🌴 ina shina moja, na mkoma shina lake hugawika panda juu. Sisi tuliacha emoji, tukatumia picha halisi ya mkoma iliyopigwa bara, njia ya kwenda Witu. Kitu kikikosa emoji, kipige picha au kitaje kwa jina lake.

Sindano ilitutesa. Iliyo kwenye simu zote ni hii 💉, ya hospitali, na kuiweka mkononi mwa mwana kunaibadilisha hadithi ikawa habari ya chanjo. Ile ya kushonea, 🪡, imekuja mwaka 2020, na simu za zamani zinaonyesha kijisanduku kitupu mahali pake. Kabla ya kuamua, itume emoji kwenye simu kuukuu kuliko zote katika kundi. Ikitoka sanduku, iache. Sindano yetu tuliiandika kwa herufi, na ninaona iliuma zaidi.

Halafu kuna maana zinazohama. Fuvu hili 💀 kwangu mimi ni kifo. Kwa vijana ni kicheko cha kufa mtu. Tulipoliweka kwenye kifo cha Liyongo, waliopokea walidhani tunafanya mzaha, wakajibu kwa kucheka. 😭 nayo siku hizi inachekewa. Viganja hivi 🙏🏾 kwa mmoja ni ahsante, kwa mwingine ni tafadhali. Waulize watu wa rika mbili kila emoji ina maana gani kwao, na ile wanayokubaliana ndiyo uitumie pahali pazito.

Tuliweka kikomo: mhusika mmoja asimiliki zaidi ya mbili, na moja iwe kama mhuri wake. Ya Liyongo ni upinde. Kwa hiyo katika kundi la kikoa, siku ya zamu yake, baada ya kila mtu kuandika "leo zamu yako bwana, panda", na baada ya msomaji kuona katika mazungumzo ya siri "akiwa juu ya mti, mpigeni", yeye anajibu:

🏹🏹🏹 Okoteni.

Basi. Shujaa hahitaji zaidi.

Kama baadhi ya wasomaji wako wana simu za mulika mwizi na unawatumia SMS ya kawaida, jua hesabu hii. SMS moja inachukua herufi 160. Ukitia emoji moja tu, nafasi yote inashuka hadi 70, na emoji yenyewe nyingi zinakula nafasi mbili, nne ukiiongezea rangi ya ngozi. Ujumbe wako unakatwa vipande viwili au vitatu na unalipia kila kipande. Kwa wasomaji hao tuliandika maneno matupu, tukahakikisha kila ujumbe haufiki herufi 160. Mengi yalipendeza kuliko ya awali.

Hatua ya sita: tumia kimya

Kitu ambacho simu inacho na karatasi haina ni kimya kinachoonekana. Kwenye WhatsApp, tiki moja ya kijivu: umetuma, haujafika. Tiki mbili za kijivu: umefika. Za bluu: umesomwa. "Anaandika…" halafu isitokee kitu. "Ujumbe huu umefutwa." Hizi zina nguvu kuliko emoji zote.

Mazungumzo ya mwana na baba tuliyaandika hivi:

Mwana: Baba uko?

Liyongo: Niko mwanangu.

Mwana: Ati baba ni kitu gani kinaweza kukuua? Naulizwa tu

Mwana: Nauliza tu*

Liyongo: Nani amekutuma?

Mwana: Hakuna. Nataka kujua baba

(Liyongo anaandika… anaacha… anaandika…)

Liyongo: Sindano ya shaba. Kitovuni.

Liyongo: Umekula?

Lile kosa la kuandika, "naulizwa", likasahihishwa haraka kwa kinyota, lilizuka lenyewe kidole kilipoteleza tukiwa tunaandika. Tukaliacha. Kwa simulizi niliyoipokea mimi, Liyongo alihisi kwamba mwana ametumwa, na bado alimwambia. Kosa la herufi moja linabeba hilo lote. Na "Umekula?" ndilo swali ambalo baba wa kwetu atalimalizia mazungumzo yoyote, hata hayo.

Baada ya usiku wa sindano, kutoka kwa Mwana kwenda kwa Baba kuna mstari mmoja tu: Ujumbe huu umefutwa.

Sasa kisima. Liyongo amepiga goti, upinde umevutwa. Kundi la mji linafurika: nani amekwenda, amerudi na ndoo tupu, amemwona, amemtazama kwa ghadhabu. Hapa emoji mwagikeni, 😱😱, kwa kuwa mji haujui lolote. Kisha funga kundi hilo, na msomaji umwonyeshe simu ya mama peke yake:

Mama: Mwanangu. ✓

Mama: Ndoo nyumbani. ✓

Mama: Watu wana kiu, na wana wadogo. Hasira zako ni za nani? ✓

Mama: Nimekuya mwenyewe. Niko nyuma yako, naona mgongo wako. ✓

Tiki moja moja. Msomaji akiangalia juu anaona Liyongo alionekana mara ya mwisho usiku. Mama naye analiona hilo, anaendelea kuandika.

Kuzitengeneza hizo tiki ni rahisi, ila kumbuka zinaonekana kwenye simu ya anayetuma tu. Lazima upige picha ya skrini kwenye simu iliyocheza mama. Ukitaka tiki moja, zima data kwenye simu ya Liyongo kabla mama hajatuma. Ukitaka mbili za kijivu, washa data ila usifungue mazungumzo. Ukitaka za bluu, fungua, na hakikisha hakuna aliyezima alama za kusoma katika mipangilio. Majina hapo juu yanatokea kama ulivyoyahifadhi, kwa hiyo ihifadhi namba ya mwenzako kama "Mwanangu Liyongo" kwenye simu ya mama, na kama "Yule" kwenye simu ya Mfalme. Jina ambalo mtu amekuhifadhia nalo ni hadithi. Namba za watu zisionekane hata moja. Kagua kila picha kabla ya kuitoa.

Hatua ya saba: itume kwa siku zake

Usiitume yote kwa mkupuo. Fungua kundi la wasikilizaji ambalo wasimamizi pekee ndio wanaotuma, na uicheze kwa usiku nne, baada ya isha watu wakiwa wamekaa. Usiku wa kwanza makoma. Wa pili gereza na mkate, umalizie kwa sauti ya ngoma halisi. Tulirekodi vijana wakipiga sinia na ndoo, na chini yake, ukitega sikio, kuna kitu kinakwaruza chuma. Wa tatu mwana. Wa nne kisima. Kati ya ujumbe na ujumbe acha nafasi kama ya watu wanaoandikiana kweli. Meseji nne za mama kisimani tulizituma kwa muda wa saa nzima, na hakuna aliyelala.

Na tafadhali, weka alama ya HADITHI na namba juu ya kila picha ya skrini, ndani ya picha yenyewe. Mwaka wa kwanza hatukuweka. Tangazo la Mfalme, "Kisima kimefungwa. Mtu asiteke maji mpaka itolewe amri nyingine," lilitoka kwenye kundi letu, mtu akalipeleka kwenye kundi jingine bila maelezo, na kabla ya magharibi ya siku ya pili shangazi yangu alikuwa amejaza kila ndoo, kila sufuria na kila mtungi nyumbani. Hakuwa peke yake. Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na habari ya kisima kufungwa si jambo la kuchezea katika mji huu. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tangu siku hiyo alama inakaa katikati ya picha, kubwa, mahali ambapo mtu hawezi kuikata.

Usiku wa nne, baada ya ujumbe wa mwisho wa mama, subiri. Usiandike "mwisho". Kisha ondoa kufuli, kila mtu aweze kutuma. Kwetu zilipita kama dakika kumi bila neno, halafu bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, ambaye sikujua hata kama yumo kundini, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alianza, "Wanangu, mumesimulia vizuri, lakini kwetu hakuwa mwanawe," akaendelea na simulizi yake yote, na mahali pa kisima akaimba. Wengine wakafuata. Zihifadhi sauti hizo nje ya simu siku hiyo hiyo, kila faili kwa tarehe na jina la mtaa, umwombe kila mmoja idhini kabla ya kumsikilizisha mtu mwingine. Zangu ziko kumi na moja kwenye memori kadi, na likizo ijayo tutaanzia na ile ya bibi.